Sarafu za Masetla wa Kirumi na Jiwe Lako

Baba Wakesho, mume wangu,

Mchonga mawe wa hapa Northfield anataka jibu langu kufikia Ijumaa. Ni mzee mpole, vumbi jeupe halimtoki kwenye nyusi, na amenivumilia kuliko ninavyostahili. Anataka kujua maneno gani yaandikwe kwenye jiwe la kaburi lako, na juu yake achonge picha gani. Amenipa kitabu chake cha michoro nichague: malaika, waridi, mikono iliyokunjwa kwa sala, misalaba ya kila namna. Nimekifungua na kukifunga sijui mara ngapi. Picha zote ni nzuri na hakuna hata moja inayokujua.

Kaka yako Mwadime naye ameandika kutoka kwenu Mgange. Anasema nisiweke jiwe. Msalaba wa mbao unatosha, anasema, kwa sababu jiwe ni la mtu aliyefika, na wewe bado uko njiani. Siku ukoo utakapojiweza watakuja kukuchukua. Hakuandika kwa ubaya, unamfahamu, yule hata akitaka kugombana huanza kwa kukuuliza umekula nini. Amenikumbusha kwamba mafuvu ya wazee wenu wa zamani yalikusanywa pangoni, ukoo mmoja pango moja, na kwamba mtu aliyezikwa peke yake ugenini hajapumzika. Mwishoni anauliza mimi na mtoto tunarudi lini. Hakuuliza kama tunarudi.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, maana wewe ndiye uliyekuwa bingwa wa mambo haya: nani anachonga nini, kwenye chuma au kwenye jiwe, ili watu wajue yeye ni wa wapi. Miaka yote ile ulinichosha nayo mpaka nikawa nasinzia na sahani mkononi. Sasa nayahitaji, nawe hupo. Nakulaumu kwa hilo, na nikishakulaumu nitaendelea.

Wewe ulinikuta huku. Mimi nilitangulia kuja kusomea uuguzi, nikapanga chumba Aston, hapa Birmingham, kwenye zile nyumba zilizoshikana bega kwa bega karibu na uwanja wa mpira, ambako Jumamosi mashabiki wakipiga kelele vikombe vilikuwa vinatetemeka kabatini. Ulipofika na koti la kuazima nilidhani umekuja kusomea historia ya kwetu, au angalau ya reli, maana babangu aliifanyia kazi reli na ningekuwa na la kuchangia. Hata mwezi haujaisha ukarudi kutoka chuo kikuu na mfuko wa karatasi, ukamimina mezani nakala za plasta, ndogo kama vifungo vya koti, kando ya ugali wangu wa semolina. Ukasema ni nakala za sarafu za shaba za miji ambayo Warumi waliianzisha mbali na kwao, na kwamba hizo ndizo utakazozisoma. Nilikuuliza kama serikali inajua inakulipia usome nini. Ulinijibu kwamba serikali haijauliza.

Ulinifundisha kuzisoma kwa kuzigeuza. Mbele kuna kichwa cha Kaisari, shingo nene, taji la majani, na jina lake limemzunguka. "Huu ni upande wa mkubwa," ulisema. "Lazima awepo." Halafu ukageuza, na sauti yako ikabadilika. Upande wa nyuma ulikuwa wa mji wenyewe. Huko mji ulichagua useme nini juu yake, na kila mji ulisema lake, kwenye kipande cha shaba ambacho nje ya soko la pale hakikuwa na maana sana. Kulikuwa na mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili wa binadamu, ili watu wajue kwamba mji huo ni wa damu ya Rumi. Kulikuwa na mzee uchi, kiriba cha mvinyo begani na mkono juu, ambaye ulisema ni alama ya uhuru wa mji, na mimi nikasema ni mlevi anayesimamisha basi. Na kulikuwa na mwanamke aliyevaa ukuta mzima kichwani, na minara yake na lango lake.

Mwanamke huyo ndiye mji, uliniambia. Siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu, sijavua kofia yangu ya unesi iliyokakamaa kwa wanga. Ukanitazama, ukaitazama plasta, ukanitazama tena. Tangu hapo ukisikia ufunguo wangu mlangoni ulikuwa ukisema, mji umerudi. Siku hizi hakuna anayenipokea hivyo, na nikiingiza ufunguo huwa bado nasubiri kidogo.

Kilichokuchekesha zaidi ni mbwa mwitu. Ulisema wengi wa waliozichonga sarafu hizo hawakuwahi kukanyaga Rumi. Walikuwa mafundi wa palepale waliosikia habari zake tu, na labda hata mbwa mwitu hawakumjua vizuri. Kwa hiyo katika mji mmoja mnyama ametoka na shingo ya punda, na katika mwingine ametoka mbuzi kabisa, amesimama kwa heshima zote na watoto wako chini yake wananyonya. Nakala ya huyo mbuzi uliiweka kwenye dirisha la jikoni. Nikiosha vyombo nilikuwa namwangalia usoni, na kusema kweli alikuwa na sura ya mtu anayejitahidi.

Lakini picha iliyotugombanisha ni ya mtu anayelima. Amejifunika shuka kichwani, ng'ombe wawili wako mbele yake, ameshika plau. Nilidhani ni mkulima tu. Ulinieleza kwamba huyo ni mwanzilishi wa mji. Kabla ya kujenga alifunga nira dume na jike, akalima mfereji mmoja kuzunguka eneo lote, na hapo ndipo ukuta ungepita. Mahali palipokusudiwa lango aliinua plau, akaibeba bila kuigusisha ardhi, akaishusha upande wa pili, ili udongo wa langoni usikatwe na watu wapate kuingia na kutoka. Ulinionyesha kwa kisu kwenye siagi. Nami nikakuuliza kabla ya plau hiyo kufika, hapo palikuwa pa nani.

Uliweka kisu chini. Ulisema mwalimu wako huwataja wakoloni hao kwa sauti ya mtu anayetaja ndege wa bustanini kwake, na kila anapowataja wewe unamwona babako akikata mkonge kwenye tambarare iliyokuwa malisho ya babu yako. "Hawa walikuwa masetla," ulisema. "Askari waliozeeka wakapewa ardhi za watu, kama wale wa kwetu baada ya vita." Nikakuuliza, basi unawapendea nini. Hukunijibu siku hiyo, wala wiki ile. Ukawa mkavu, unakula unaondoka.

Jibu lilikuja tukiwa kwenye basi, bila mimi kuuliza tena. Ulisema hukuwapenda masetla, uliwapenda wajukuu. Wajukuu wa masetla na wajukuu wa walionyang'anywa walikuja kuuziana samaki kwa sarafu ileile, wakaoana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona Rumi. Ukizipanga sarafu za mji kama huo kwa kufuata makaisari, mbwa mwitu anaanza kupungua. Unauona mlima wa pale, au mto wa pale, au mungu ambaye watu wa pale walimwabudu kabla plau haijafika. Ulikuwa unatafuta lini mlima unaingia, ulisema, lini mji unaacha kusema sisi ni Rumi na unaanza kusema sisi ni wa hapa. Mama mmoja Mjamaika aliyekaa mbele yetu aligeuka akakutazama, maana ulikuwa umesimama, na basi lilikuwa limejaa watu waliotoka kazini na hamu ya kimya.

Mwaka waliobadilisha pesa za nchi hii tulikuwa tumeshahamia Northfield na Wakesho alikuwa anatambaa. Kila mtu alikuwa anageuzageuza sarafu mpya kiganjani, hata madaktari wodini, na wewe ulifurahi kama mtu ambaye dunia imemfuata alipo. Siku zilezile ulikuta, kwenye trei moja chuoni, senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu kulizunguka. Mlikuwa mkizitunga kwenye kamba utotoni. Ilikuwa na herufi ndogo sana, alama ya kiwanda kilichoichonga, na kiwanda kilikuwa hapahapa Birmingham. Jumamosi ukatupeleka tukione, mtoto mgongoni. Tulikuta ukuta wa matofali na geti lililofungwa.

Ulisimama pale hadi miguu yangu ikauma. Ulisema utoto wako wote uliishika Birmingham mkononi na hukujua. Kisha ukasema kwamba masetla wa Kirumi angalau waliachiwa upande wa nyuma, lakini sisi pande zote mbili tulichongewa hapa. Hukuwa na hasira, au kama ulikuwa nayo ilikuwa imepoa siku nyingi. Ukamchukua Wakesho kutoka mgongoni mwangu, ukamwonyesha ukuta kama mtu anayemtambulisha mtoto kwa jamaa wa mbali.

Baada ya hapo ndipo ikaja habari ya beji, ambayo mpaka leo watu wa chama chetu wakikutana lazima waizungumze. Chama kilikuwa ni cha watu wa Afrika Mashariki wote wa mji huu, angalau kwa jina. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kariuki, wa kiwanda cha magari, ambaye alitaka tuwe na beji ya kuvaa kifuani ili tujulikane. Kwa kuwa wewe ulikuwa mtu wa sarafu, kazi ya kuchora ilikuangukia. Tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Wakenya walitaka ngao na mikuki, Watanzania walitaka mwenge juu ya Kilimanjaro, na Mwenyekiti alitaka simba, kwa sababu simba, alisema, hana mjadala.

Mama Bharti alikuwa amekaa nyuma karibu na birika la chai. Mimi ndiye niliyemleta. Nilimjulia wodini, siku aliyomzaa Bharti, akimtukana mumewe kwa Kiswahili cha Jinja huku manesi wenzangu wakidhani ni Kihindi, na mimi peke yangu nikijizuia kucheka. Walikuwa wamefika karibuni, na ile fukuzafukuza ya Wahindi kule Uganda. Mtu mmoja pale ukumbini akauliza, kwa upole kabisa, kama Wahindi nao ni wa chama hiki. Watu wakatazama vikombe vyao. Mama Bharti akasimama.

"Mimi mtu ya Jinja," alisema. "Mama yangu alizaliwa Jinja. Ngao ya Uganda imenifukuza na suitcase moja. Sasa nivae ngao kwa kifua?"

Mwenyekiti alimwomba radhi na kumwomba akae. Hapo ndipo uliponyanyuka wewe, ukawaeleza habari ya plau. Nilijifunika uso, nikijua siagi iko karibu. Ukawaambia kwamba hata wale masetla, pamoja na dhambi zao zote, walikumbuka kuinua plau langoni, na kwamba sisi tunajenga ukuta mzima bila lango. Ukamgeukia Mama Bharti ukamuuliza yeye angevaa nini. Akafikiri. Akasema duka lao Jinja liliuza majembe. "Busoga nzima walilima na jembe ya kwetu. Hiyo nitavaa."

Nani pale hakuwa na mama aliyeshika jembe? Hata Mwenyekiti alimwacha simba wake aende zake. Ulichora jembe usiku na mchana, jembe hasa, mpini mrefu na bamba limeinamia mpini kama mtu anayesikiliza, ukalipeleka kwa mafundi wa Hockley, kwenye ile mitaa ya masonara na watengeneza vifungo. Siku beji zilipofika, Bwana Kariuki alifungua boksi mbele ya watu wote, akatoa moja, akaiangalia, akaivua miwani yake na kuivaa tena.

"Hii ni sepetu," alisema. "Hii ni sepetu ya mzungu wa bustani ya allotment."

Na kweli ilikuwa sepetu, imenyooka, na mshikio wake juu, kama zinazoning'inia kwenye kila kibanda cha bustani kutoka hapa mpaka Sutton Coldfield. Fundi alikuwa ameeleza kwa adabu kwamba mchoro ulikuwa na kasoro, bamba lilikuwa limepinda, na kifaa cha namna hiyo kisingechimba, kwa hiyo aliurekebisha bila kututoza. Mwenyekiti alitaka zirudishwe leo hii. Wewe uliketi kwenye kiti cha karibu ukacheka mpaka machozi yakakutoka, mpaka nikaanza kukupima kwa macho ya kinesi.

"Msizirudishe," ulisema ulipopata pumzi. "Mtu huyu amechonga kwetu bila kupaona, kama wale walivyochonga Rumi. Hii ndiyo sarafu ya kwanza ya mji wetu."

Wengine walikuelewa, wengine walichoka tu, na beji zikavaliwa. Mama Bharti aliibandika yake kwenye sari, akasema sepetu pia wangeiuza. Yako ulikuwa nayo kwenye koti kila Jumapili, na ndiyo niliyokuzika nayo.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka. Unajua jinsi tulivyokuwa mwaka wako wa mwisho. Nairobi walikuwa wameshakupa nafasi ya kufundisha, masanduku yalikuwa yamefungwa kwa kamba na kupangwa sebuleni, na mimi nilikuwa nimeanza kugawa vyungu. Nilikuwa nimeziona kucha zako, rangi yake ya buluu sikuipenda, na nilikuambia. Ulisema moyo utasubiri sura ya mwisho ya tasnifu. Ulisubiri kweli. Uliimaliza sura hiyo, ukaipiga chapa, na baada ya hapo ukawa mtu wa kitandani, dirisha upande wako, unatazama mabomba ya moshi.

Nilikuuliza basi, mlima uliingia lini. Nilitaka uzungumze. Ulisema hukuupata mwaka. Ulikuwa umepanga sarafu zote, umepima, umesoma kila herufi, na hakuna mahali ambapo mji ulikaa ukaamua. "Hakuna aliyeamua," uliniambia. "Unageuza moja, haupo. Unageuza inayofuata, upo. Na watu wa pale pengine hawakuona hata tofauti." Ulisema mwalimu wako amelalamika kwamba hilo si hitimisho. Ulionekana umeridhika nalo. Kesho yake alasiri, nikiwa nimekushika mkono, uliniacha.

Ulitaka kurudi nyumbani, Baba Wakesho. Sitajidanganya kwamba hukutaka. Ulikuwa umeshachagua mahali pa kupanda miparachichi. Kwa hiyo Kaka Mwadime anapoandika kwamba bado uko njiani, sina jeuri ya kumwambia anakosea, na nimelia juu ya karatasi yake zaidi ya nilivyolia siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi nilikuwa na watu wa kuwapikia.

Nilimsomea Wakesho sehemu ya barua hiyo, kwa sababu ni babake na ana haki. Alisikiliza Kiswahili chote, akanijibu kwa Kiingereza chake cha Northfield kama kawaida yake. Aliuliza kama Baba akichukuliwa, sisi Jumapili tutakuwa tunakwenda wapi. Kisha akaniambia nisisahau kwamba kutoka pale ulipo vinaonekana vilima.

Nilikuwa sijaviwaza hivyo vilima hata mara moja, nami navitazama kila wiki. Unavikumbuka, vya Lickey. Mara ya kwanza tulipopanda ulinicheka, ukauliza kama hivi ndivyo wanavyoita vilima, kwamba kule Taita hiki kingekuwa ni kichuguu. Jumapili iliyofuata ukataka twende tena. Ukungu ulikuwa umeshuka kati ya miti, baridi ileile ya Mgange asubuhi, na hukucheka tena. Tangu hapo hukukosa. Mvua ikinyesha tulikwenda. Wakesho alijifunza kutembea vizuri kwenye ile njia ya mteremko, akianguka na kuinuka na majani kwenye soksi. Hatukuwahi kusema kwamba vile vilima ni vyetu. Tulikuwa tunakwenda tu, na mwishowe tukawa watu wanaokwenda huko.

Barua hii ilibaki mezani siku mbili, na leo nimekwenda kwa mchonga mawe nikamrudishia kitabu chake. Nimemwambia juu ya jina lako achonge vilima vya Lickey, kama vinavyoonekana kutoka makaburini, na miti ile ya kileleni. Alisema amezaliwa chini ya vilima hivyo na hakuna aliyewahi kumwomba avichonge, kwamba ni vilima tu. Nilimwambia najua ni vilima tu. Akachukua penseli ya nyuma ya sikio, akavichora kwenye karatasi ya kufungia bila kuangalia dirishani, na alivipata sawasawa. Chini yake ataandika jina lako: Mwakio wa Mgange, Mwakio wa Northfield. Kaisari simweki.

Kaka Mwadime nimemjibu pia. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba jiwe litawekwa, na kwamba sitamzuia kuja, aje alione, kitanda kipo. Nimemwambia umefika. Neno hilo sikulifuta. Nimemwambia vilevile kwamba ardhi pekee tuliyoichukua katika nchi hii ni hii uliyolalia, na hatukumnyang'anya mtu. Tulipewa, na tulilima kwanza, miaka yote, wodini na darasani. Wakesho nitampeleka Mgange shule zikifungwa, ajue pango liko wapi na bibi yake anapenda kuamkiwaje. Halafu tutarudi huku.

Masanduku nimeyafungua. Vitabu vyako vimerudi kwenye rafu, na vumbi lake nimelipangusa mwenyewe. Nilikuwa naogopa ningejiona nimekusaliti, lakini nilipokata kamba ya mwisho nilihisi njaa tu, nikapika, nikala nimesimama.

Jambo moja lililobaki sijamwambia Mwadime, wala Wakesho, wala Mama Bharti ambaye angeanza kulia kabla sijamaliza sentensi. Nakuambia wewe kwanza. Nilipotoka kwa mchonga mawe nilipitia ofisi ya makaburi, nikaomba waniwekee nafasi iliyo kando yako. Karani aliniuliza kama nataka ya kulia au ya kushoto. Sikuhitaji kufikiri. Nimechukua ya kushoto, kwa sababu wewe siku zote ulilala kulia kwangu, upande wa dirisha, na sioni kwa nini tuanze kubadilishana sasa.

Sina haraka, usinisubiri macho. Mtoto bado ananihitaji na kesho nina zamu ya asubuhi.

Mkeo,
Mama Wakesho